Meza Moja Osaka

Kule Musonoi, kambi ya wachimbaji huko Kolwezi, mtu akionekana na sanduku mkononi, jirani hamwulizi anakwenda wapi. Humwuliza nani amekufa. Watu husafiri kwa kazi, kwa harusi au kwa msiba, na zaidi kwa msiba. Mama Mbelu mwenyewe, katika miaka yake hamsini na saba, alikuwa amepanda treni ya mbali mara tatu tu: mara ya kwanza alipoletwa kutoka Kasai akiwa bibi harusi, hajui hata sura ya mume anayemsubiri mgodini, mara ya pili kwenda kumzika mama yake, mara ya tatu kwenda kumzika baba yake. Kwa hiyo barua ilipomfikia, mvua za mwaka wa sabini na nne zikianza, ikimwita aende nchi ya mbali kutazama na kula, bila maiti wala bibi harusi, alidhani aliyeisoma ameisoma vibaya.

Aliyeisoma ni Tshilombo, mume wa Elise, na Elise ndiye mtoto pekee wa Mama Mbelu. Tshilombo alikuwa fundi wa mitambo kwenye shimo la wazi, Kifaransa anakijua, na Ubelgiji aliwahi kupelekwa miezi sita kusomea kazi. Mtu wa kuaminika. Ila aliisoma barua hiyo akiwa nyuma ya ukuta wa jiko, na Mama Mbelu aliisikiliza akiwa ndani, mgongo umeelekea ukuta, anapepeta mchele.

Msomaji asidhani walikuwa wamegombana. Kwao Kasai mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, na jambo kubwa kuliko yote, hawali mmoja mbele ya mwingine. Ndiyo heshima. Kwa miaka kumi na mmoja watu hawa wawili walikaa katika lupangu moja, nyumba mbili na ua mmoja, na siku zote waliviziana kwa adabu. Tshilombo akirudi kazini alikohoa langoni, Mama Mbelu akaingia jikoni. Mama Mbelu akienda kuchota maji, Tshilombo alianza kutazama kifusi cha mgodi kana kwamba leo ndiyo mara yake ya kwanza kukiona. Chakula cha mkwe alikipika mama mkwe kila siku, Elise akakibeba. Sura yake Mama Mbelu aliijua kwa picha ya harusi tu.

“Elise,” alisema, akimwita mkwe tata, yaani baba, kwa heshima, “uliza tata kama amesoma muzuri. Kuenda kufanya nini?”

Elise alikaa mlangoni pa jiko, tumbo la mimba ya nne mapajani, kati ya watu waliokuwa wakisikiana vizuri kabisa. Akageuza kichwa. “Mama anauliza, kuenda kufanya nini?”

“Kuangalia tu,” ukuta ukajibu. “Kuangalia muji, na kula. Siku ine. Inaitwa Osaka.”

Barua ilitoka kwa Mama Nakai. Huyo ni mke wa mhandisi mmoja Mjapani aliyeletwa Kolwezi kusimamia mitambo, na kwa miaka minne Mama Mbelu alikuwa mpishi wao. Wiki ya kwanza alipoambiwa kwa ishara achemshe wali bila chumvi wala mafuta, aliuliza kwa ishara ni nani mgonjwa. Lugha ya pamoja hawakuwa nayo. Walisemeshana kwa vijiko. Mama Mbelu alimfundisha mwenzake kutwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka malengelenge yakamtoka viganjani, na Mama Nakai alimwonyesha kukata samaki kipande chembamba hata ukaona mwanga upande wa pili. Walipoagana uwanja wa ndege walilia wote wawili, kila mmoja kwa lugha yake. Sasa miaka miwili imepita, na barua inasema: miaka minne ulitulisha, njoo tukulishe siku nne.

Tiketi zitakuwa mbili, yake na ya mtu mmoja wa nyumbani kwake wa kumsindikiza, maana njia ni ndefu na ndege ni za kubadilisha. Watasafiri mwezi wa nne, miti ikitoa maua. Majina mawili yatumwe kabla ya Noeli.

“Na kule tutaona nini?” aliuliza, na akasahau hata kumpitishia Elise swali.

Tshilombo naye akasahau. Akaanza kusoma mpango, siku kwa siku, akitafsiri polepole.

“Siku ya kwanza, ngome ya bafalme ya zamani. Iko na ukuta ya majiwe. Kuna jiwe moja, anasema, kubwa kupita hii nyumba yetu, na balilibeba bantu.”

Mama Mbelu aliacha kupepeta. Alikuwa mke wa mchimbaji. Jiwe alilijua uzito wake.

“Siku ya pili, treni ya chini ya udongo. Bantu banashuka chini, banapanda treni mule, banatokea kwa soko.”

“Banashuka kuchimba?”

“Hapana, Mama. Banashuka na bisaka bya mikono. Bamama na batoto. Kuenda soko tu.”

Marehemu mumewe alishuka chini ya ardhi miaka ishirini na sita, na kila siku mkewe hakuweka sufuria motoni mpaka amemwona ametokea. Watu wanaoshuka huko wakiwa na mikoba! Akina mama na watoto, wanacheka pengine, wanapanda tena juu na vitunguu! Mama Mbelu alihisi nywele zikimsimama, na akapiga ishara ya msalaba bila kujua anaombea nini.

Ukuta uliendelea. Sokoni humo kuna hoteli yenye kaa wa kutengenezwa juu ya mlango, mkubwa kama gari, anachezesha miguu. Wanapika mikate ya mviringo kwenye bamba la chuma lenye mashimo, na ndani ya kila mkate wanatia kipande cha pweza, mnyama wa baharini mwenye mikono minane. Siku ya tatu, mji wa jirani ambako swala wanatembea barabarani, wanainamisha kichwa kuomba biskuti.

“Swala?” Mama Mbelu aliuliza. “Ya kweli? Na hakuna mutu anabakula?”

“Hakuna.”

“Banakula nini, basi, bale bantu?”

“Samaki mubichi, Mama.”

Siku ya nne ni bahari, kisha chakula cha jioni nyumbani kwa akina Nakai. Kuhusu bahari barua ilisema maneno mawili tu, kwamba iko karibu. Mama Mbelu alitaka kujua karibu na nini, mwisho wake uko wapi, na je, ina ukingo wa upande wa pili kama mto Lualaba. Tshilombo, ambaye aliwahi kuiona bahari ya Ubelgiji, alijibu kwamba ukingo wa pili haupo. Wakakaa wote, yeye nje na mama mkwe ndani, wakiufikiria ukingo usiokuwapo, na mchele ukabaki kwenye ungo mpaka kuku wakaugundua.

Tangu siku hiyo Mama Mbelu hakuwa mtu wa kawaida. Aliamka akisema, “Jiwe moja!” Alisimulia majirani habari za swala, majirani wakamhurumia. Sokoni alimshika muuza fretini, vile visamaki vikavu, mkono akamweleza treni ya chini ya udongo, na mwenzake akamwuliza kama amekunywa dawa yake. Hakujali. Kitu kilichomshangaza kuliko vyote hakikuwa Osaka yenyewe, bali kwamba yeye, Mbelu, anatakiwa aende huko kwa sababu ya macho yake na ulimi wake tu. Kumbe mtu anaweza kualikwa ili afurahi! Alitamani kwenda kwa tamaa iliyomtia aibu, na alijua kwa umri wake nafasi hii hairudi.

Lakini nani wa kumsindikiza? Elise atakuwa ananyonyesha. Mtoto mwingine Mama Mbelu hana. Mtu mwenye Kifaransa, mwenye pasipoti, anayejua mahali pa kushukia na mahali pa kupandia, alikuwa mmoja tu katika lupangu lile. Kila mtu alilijua jina lake na hakuna aliyelitaja. Wiki nzima walipikiana, wakapakuliana, wakakoholeana langoni, na jambo likakaa katikati ya ua mithili ya ng’ombe wa watu.

Mwishowe Elise, ambaye mimba ilikuwa imemwondolea subira, alisimama katikati ya ua akapiga kelele pande zote mbili: “Muende ninyi babili! Safari si ndoa!”

Basi wakaanza kupanga namna ya kwenda pamoja bila kuwa pamoja, na nakuapia, hata reli haijawahi kupangwa vile. Ndani ya ndege Tshilombo atakaa viti vitatu nyuma. Chakula kikiletwa, Mama Mbelu atafunika kichwa kwa kitenge. Kwenye ngome mkwe atatangulia hatua kumi bila kugeuka; akitaka kumwonyesha mama mkwe kitu, atainua mkono wa kulia. Kwa swala, kila mmoja na swala wake. Ugumu ulikuwa mezani. Mtu anakwenda mji wa watu kula siku nne, kisha asile? Wakakubaliana kuomba meza mbili kila mahali, viti visielekeane. Tshilombo aliandika telegramu kwa Kifaransa cha adabu nyingi, akaipeleka posta, na Mama Mbelu akalala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Jibu lilifika siku ya tisa. Elise alisimama mlangoni pa jiko, Tshilombo akasoma nyuma ya ukuta, na sauti yake ilikuwa ndogo.

“Anasema: ‘Tumehuzunika kusikia mumegombana. Kwa nyumba yetu meza ni moja. Ni fupi, tunakaa chini, magoti inagusana. Tungojee mpaka mupatane?’”

“Tumegombana?” Mama Mbelu aliruka. “Mi na tata? Miaka kumi na moja hatujaambiana neno mubaya hata moja!”

Na ni kweli. Ni vigumu kumtukana mtu usiyesema naye.

Hasira ilipopoa, alibaki na yale magoti. Alijaribu kuyaona: goti lake, goti la mkwe, sahani kati yao, na yeye anafungua kinywa kutia samaki mbichi mwanamume huyo akitazama. Damu ilimpanda usoni peke yake jikoni. “Elise,” alisema, “ambia tata aandike mi siendi. Aseme mama amezeeka.”

Nyuma ya ukuta Tshilombo alikaa na karatasi yake mpaka Elise akamwita mara mbili.

Siku tatu zilizofuata chakula kilipikwa bila chumvi, na hapakuwa na Mjapani wa kukila. Siku ya nne Mama Mbelu alijifunga kitenge akaenda kwa Mama Mbuyi. Mama Mbuyi alikuwa mzaliwa wa kijiji kimoja naye, mwanamke mnene wa vicheko, ambaye wanawake wa Kasai pale Musonoi walimwita kwenye kila ndoa kwa sababu alijua kilicho halali na kilicho mwiko, na alikuwa na tabia mbaya ya kusema ukweli. Alimsikiliza mwenzake mpaka mwisho, mikono ikimenya karanga.

“We unaogopa bantu ya Musonoi,” alimwuliza, “ao unaogopa ule mutoto wa bantu?”

Mama Mbelu aliwaza. “Bantu banasemaka kila siku,” alisema. “Mi naogopa yeye. Miaka yote ananihesabia mama mukubwa. Akiniona nakula, nabomoa mufupa, mafuta inanishuka kidevuni, ataona mi ni mutu tu.”

“Na weye, hautaki kumuona yeye?”

Swali hilo Mama Mbelu hakuwahi kuulizwa, wala kujiuliza.

Mama Mbuyi alimwambia basi namna walivyofanya kwao wakati vita au njaa ilipowalazimu wakwe kukimbia njia moja. Aibu ile ina mlango wake, na mlango hufunguliwa na mama, si na mkwe. Mkwe alete mbuzi na kitambaa. Mama apike kuku mzima kwa mkono wake, amwekee mkwe firigisi, wale sahani moja mbele ya shahidi. Wakiisha kula, mkwe amekuwa mtoto wa tumbo, na hakuna kurudi nyuma. “Lakini mama akitaka,” alisema. “Asipotaka, mukwe hawezi kuomba. Njo maana ule kijana ananyamaza. Si hataki. Hana ruhusa ya kutaka.”

Jumapili iliyofuata, Elise akiwa ameshampelekea mumewe habari za mbuzi na kitambaa, baada ya misa kuku alikuwa tayari. Mama Mbelu alimpika kwa mafuta ya mawese na alimpika mara mbili moyoni kabla ya kumpika jikoni. Alitandika mkeka sebuleni kwake, akaweka kasha lililolazwa kuwa meza fupi, kwa sababu alisema kama ni kufa, afe kama watu wa Osaka. Mama Mbuyi alikaa pembeni kuwa shahidi, tayari anameza mate. Uani mbuzi alilia kwenye kamba yake. Tshilombo alikohoa, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekimbia.

Aliingia amevaa suti ya abakosti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikang’aa, kitambaa kipya mikononi. Alipiga magoti kwenye mkeka macho chini, akakiweka kile kitambaa, akatulia. Jasho lilimtiririka. Mama Mbelu alikaa upande wa pili. Magoti yao yalikuwa na nafasi ya kiganja kimoja kati yao.

Alianza kwa mikono ya mkwe, kwa sababu ni karibu na haimtazami mtu. Mikono mikubwa, mafuta ya mashine kwenye kucha, yale yasiyotoka hata kwa sabuni ya Jumapili. Kisha akapanda kifuani, kwenye vifungo. Kisha akainua uso.

Kijana wa picha ya harusi hakuwapo. Alikuwapo mtu mzima mwenye mvi masikioni, na kovu pana lililotoka pembeni ya jicho la kushoto likashuka mpaka chini ya sikio, ngozi imekunjamana pale iliposhonwa.

Mama Mbelu alisahau mila yote. “Hii ni nini? Nani alikufanya hivi?”

“Ni kamba ya chuma, Mama,” alijibu, bado ameinama. “Ilikatika kwa kazi. Ni miaka sita sasa.”

“Miaka sita!” Akamgeukia Elise aliyesimama mlangoni. “Elise! Hukuniambia!”

“Alinikatalia, Mama. Alisema utalia, na hautaweza kuingia kumuona. Nilikuambia anaumwa kidogo.”

Ndipo Mama Mbelu alipokumbuka. Majuma matatu ya uji. Asubuhi na jioni aliukoroga uji wa mtama, akauacha kizingitini pa nyumba ya pili, akagonga mara moja na kuondoka haraka, ili mkwe asione aibu. Nyuma ya mlango ule mtu alikuwa na uso uliopasuka vipande viwili, hatua tano kutoka kwake, na yeye alirudi jikoni akiwa na furaha kwamba amekuwa na adabu.

“Ile uji,” Tshilombo alisema, “sikuweza kutafuna kitu, Mama. Njo iliniponesha. Na chakula ya kila siku, miaka kumi na moja. Sijakuambia asanti hata siku moja. Elise alikuwa anasema kwa kinywa yangu, lakini haiko sawa. Ulipokataa kuenda Osaka, nililia. Si juu ya Osaka. Niliwaza, kule mbali ningeweza kukuambia.”

Akainua macho, akamtazama.

Mama Mbelu alishikwa na mshangao mkubwa kuliko wa jiwe, na wa treni, na wa bahari isiyo na ukingo wa pili. Miaka kumi na mmoja alikuwa akimlisha mtu huyu. Macho yake yalikuwa ya rangi ya asali, na hakuna aliyemwambia. Alitaka kusema kitu cha heshima, machozi yakamshuka mpaka mdomoni na akayaacha. Mama Mbuyi, ambaye hanyamazi kwenye ndoa wala kwenye matanga, alikuwa ameziba kinywa kwa upindo wa kitenge.

“Kesho upeleke telegramu,” Mama Mbelu alisema. “Andika majina mbili. Waambie meza moja inatosha.”

“Ndiyo, Mama.”

Akachukua firigisi kwa vidole vyake, hakuitia sahanini. Aliinyoosha juu ya kasha mpaka kwenye kinywa cha mwanamume yule mzima, kama mtu anavyomlisha aliyemzaa.

“Kula, mutoto yangu,” alisema. “Kula nikuone.”

Naye akala, na mama yake akamtazama mpaka akameza.